Kichwa cha Kambale

Sogeeni, lakini msinilalie magotini, leo yanauma. Nimepalilia tangu alfajiri na mgongo umekataa kuninyookea. Nanyi mnataka kisa. Haya, nitawapa kimoja, na atakayenikatiza katikati atakimalizia mwenyewe.

Zamani, zamani za waliowazaa waliotuzaa sisi, siku ambazo mito ilikuwa na kina na watu walikuwa na haya, palikuwa na kijiji kando ya Mto Lukwembe. Mwaka huo kiangazi kilikuwa kirefu. Maghalani walibaki panya, na panya wenyewe walikuwa wamekonda. Kisha mvua za kwanza za masika zikanyesha kule milimani, maji yakashuka mekundu, na samaki wakubwa wakaanza kupanda mto. Wakapanda ningu, wakapanda vitoga, wakapanda kambale wa kulingana na wewe Matola ukisimama wima.

Watu wakashuka ukingoni na mishipi yao ya kuvulia. Si hii ya nailoni mnayonunua dukani. Mshipi wa siku zile ulisokotwa kwa nyuzi za magome, juu ya paja, kiangazi kizima, mpaka paja linachubuka. Ukiupoteza, umepoteza mwaka. Kwa hiyo kila mvuvi alijifunga ncha ya mshipi wake kiunoni, fundo juu ya fundo, akatupa ndoana yenye chambo, akaketi kungoja.

Mnaiona hatari yake? Samaki mdogo unamvuta wewe. Samaki mkubwa anakuvuta yeye. Ndiyo maana wakawa na desturi. Samaki mkubwa akinasa, unaita, "Nishike!" Na jirani yako pale ukingoni, awe mgomvi wako, awe na mshipi wake unaotikisika, anainuka, anakukumbatia kiunoni, mnavuta pamoja. Samaki akitoka, mwili ni wako, kichwa ni cha aliyekushika. Ndivyo walivyoishi, na mto ule ulikuwa haujala mtu.

Sasa palikuwa na kijana mmoja jina lake Ngahoma. Mkewe, Namtila, alikuwa amejifungua siku tisa nyuma, na maziwa hayakutoka. Mtoto alikuwa analia mchana kutwa, na siku ya nane akaanza kulia kidogo kidogo, na hilo ndilo baya zaidi, wajukuu zangu. Mtoto anayelia sana ana nguvu. Wakunga wakasema Namtila anywe mchuzi wa kichwa cha kambale. Si cha samaki mwingine, cha kambale. Mnacheka? Chekeni. Wao waliamini hivyo, na mtoto alikuwa wao, si wenu.

Ngahoma akashuka mtoni. Akaketi. Jirani yake upande wa juu alikuwa Mzee Chilumba, mtu mkimya, mwenye kifua kibovu. Siku ya kwanza mzee akanasa ningu, akaita, Ngahoma akamshika, akapewa kichwa cha ningu. Maziwa hayakuja. Siku ya pili mzee akanasa kitoga, akaita, Ngahoma akamshika, akapewa kichwa cha kitoga. Maziwa hayakuja. Usiku halali kwa ajili ya mtoto. Mchana halali kwa ajili ya mto. Siku ya tatu Ngahoma alikuwa amechoka mpaka akiyaangalia maji anaona ardhi, na akiiangalia ardhi anaona maji.

Basi siku hiyo ya tatu mshipi wake ukakaza. Ningu hugonga na kitoga hutikisa, lakini kambale hukulalia tu, mzito kama gogo, halafu anaondoka nawe. Ngahoma akajua ni kambale. Akafungua mdomo aite. Kisha akawaza: nikiita, kichwa kinaondoka.

Angemweleza mzee, angepewa. Nani angemnyima? Lakini mtu aliyechoka hawazi hivyo. Mtu aliyechoka huona kila mkono unaokuja umekuja kumnyang'anya. Nayajua haya, msidhani nasimulia ya watu tu.

Akafumba mdomo. Akavuta, akavutwa. Magoti yakaingia majini, mapaja yakaingia majini, naye kimya. Ndipo Mzee Chilumba akageuka akamwona. Hakungoja kuitwa. Akaja mbio na kifua chake kile kinachopiga miluzi, akamkumbatia kiunoni, wakavuta, wakavuta, mpaka kambale akalala kwenye nyasi akiwa bado anapumua. Wote wawili wakaanguka chali wakiangalia mawingu.

Mzee akachomoa kisu. Akamtazama kijana, akangoja apewe ruhusa kama ilivyo adabu.

Ngahoma akasema, "Baba, mimi sikukuita."

Maji yakapita. Mzee akarudisha kisu alani.

"Kweli, mwanangu," akasema. "Hukuniita."

Akainuka, akarudi mahali pake akikohoa. Ngahoma akabeba samaki mzima mzima, kichwa na mwili. Namtila akanywa mchuzi. Na niwaambie ukweli, maana sipendi visa vya uongo: maziwa yalitoka. Mtoto akanyonya, akalala, nyumba nzima ikalala kwa mara ya kwanza. Ngahoma aliamka na furaha, na chini ya furaha hiyo palikuwa na kitu kinachomchoma. Aliona haya.

Asubuhi akarudi ukingoni. Mzee Chilumba alikuwapo tayari. Wakasalimiana. Wakaketi. Ngahoma alitaka kusema neno, akaona aseme baadaye, samaki wakitulia.

Jua halijapanda sana, mshipi wa mzee ukakaza. Ngahoma akauona. Mzee akasimama, akakita visigino kwenye tope. Akageuza kichwa, akamtazama Ngahoma. Ngahoma naye akamtazama. Ilikuwa mwendo wa hatua kumi tu. Ngahoma akanyanyuka nusu, akasita. Akawaza: jana nilimwambia sikukuita, leo nikimshika bila kuitwa si ataniona nafuata kichwa? Acha aite. Akiita tu, nitaruka.

Mzee hakuita.

Wajukuu zangu, mimi sijui kama ni kiburi au ni kifua kilichokosa pumzi. Wazee wetu walibishana juu ya hilo mpaka wakafa. Tunachojua ni kwamba yule alingoja kufuatwa, na yule alingoja kuitwa, na samaki hakungoja. Tope likateleza. Ngahoma alipofika mbio, ukingoni palikuwa na alama mbili za visigino, na maji mekundu yalikuwa yanaenda zao.

Walimpata siku ya pili kwenye kona ya mto, fundo likiwa bado kiunoni.

Ngahoma akavua siku nne bila kula, akapata kambale, akamkata kichwa, akakipeleka kwa mjane. Yule mama alikuwa ameketi mlangoni. Akakitazama kile kichwa muda mrefu.

"Kichwa ni cha aliyeshika," akasema. "Wewe ulimshika nani, mwanangu?"

Hakusema kwa ukali, na hilo ndilo lililommaliza. Ngahoma akarudi nacho. Njia nzima alilia wazi, watu wakimwona.

Tangu hapo hakujifunga mshipi tena. Kila masika alishuka mtoni mikono mitupu, akatembea ukingoni kutoka mvuvi hadi mvuvi, akiona mshipi umekaza anamkumbatia mwenye mshipi, ameitwa au hajaitwa. Wakimpa kichwa, anakikataa. Alifanya hivyo mpaka akawa mzee mwenye mgongo kama huu wangu, na mtoto wake aliyenyonya maziwa yale akawa na wajukuu.

Basi mmesikia. Ukimwona mwenzio anazama usingoje akuite, na wewe ukizama usione haya kuita. Ni hayo tu, na mtu anaweza kuishi miaka themanini asiyaweze.

Kisa kimefika ng'ambo, mimi nimebaki huku. Mwenye nguvu akibebe, mwenye usingizi akilalie.