Neno la Kwanza la Ngoma ya Mterere

Hapo zamani, na mwenye usingizi akalale sasa hivi asinisumbue, palikuwa na nchi iitwayo Mterere, na nchi hiyo ilikuwa na ngoma moja kubwa kuliko chumba cha bwana harusi. Ngoma ile haikuwa ya mchezo. Kila ilipowambwa ngozi juu ya gogo lake, aliyepiga pigo la kwanza alitamka neno moja, na neno hilo likawa sheria. Mfalme hakuligusa, baraza halikuligusa, mpaka siku ngoma itakapowambwa upya.

Mterere ilikuwa na watu wa Mlimani na watu wa Bondeni. Tena palikuwa na wavuna chumvi, kule kwenye ziwa la magadi. Chumvi yao ililiwa na kila mtu, lakini barazani walisimama nje ya ua, wasikie, wasiseme. Aliyethubutu kuvuka ua alichapwa mbele ya watoto wake. Na watu wazima na akili zao waliona ni sawa tu!

Mlimani na Bondeni wakagombea utawala, wakauana. Waliivunja hata ngoma: Mlimani wakachukua gogo, Bondeni wakachukua ngozi. Kila upande ukawaambia wavuna chumvi, "Piganeni upande wetu, tukishinda mtaketi barazani." Wakagawanyika, ndugu akamwinda ndugu. Hakushinda mtu. Watu walipochoka kuzika wakasema, "Tuwe nchi moja tena. Lileteni gogo, ileteni ngozi."

Siku hiyo Sikudhani, mvuna chumvi aliyepoteza kaka katika kila jeshi, alisimama nje ya ua na wenzake. Hakuwahi kuiona ngoma nzima. Ngozi iliyolowekwa ikatandazwa juu ya gogo. Sikudhani alijiinua kwa vidole vya miguu aone. "Mungu wangu," akanong'ona, "kumbe ni kitu kimoja."

Ngozi huvutwa kwa wimbo, ili mikono yote ivute pamoja. Lakini wale walikuwa wameachana mno. Mlimani wakaimba wao, Bondeni wakaimba wao. Hawa wakivuta, wale wanalegeza. Ngozi ikateleza, ukingo ukaanza kuchanika, watu wakapiga mayowe.

Sikudhani hakuwaza. Aliruka ua, akaudaka ule ukingo kwa mikono miwili, akaanza kuimba wimbo wa kuburuta magunia ya chumvi. Nani asiyeujua? Walikuwa wameusikia sokoni tangu utoto. Mlimani wakaitikia, Bondeni wakaitikia, wakajikuta wanavuta pamoja huku machozi yanawatoka. Vigingi vikagongwa, ngozi ikashika.

Ikaanikwa juani. Ilivyokuwa ikikauka ilikaza, na ilivyokaza ilinguruma peke yake, mngurumo wa chini uliopita kwenye nyayo za watu. Wengine walisujudu. Sikudhani alisimama pale pale ndani ya ua, na hakuna aliyekumbuka kumchapa.

Sasa, sheria ilikuwa ngoma ipigwe kabla jua halijazama, la sivyo ngozi ikatwe. Mkwiro, ile fimbo ya kupigia, uliwekwa kando ya ngoma. Nani apige?

Akasimama Mbaruku, jemadari wa Mlimani. "Nililinda gogo," akasema. "Kule juu baridi ilituua. Askari walitaka kulichoma waote moto, nikakataa. Mwanangu aliganda ameliegemea gogo hilo hilo. Nipeni mkwiro. Neno langu ni Msamaha: asishtakiwe mtu kwa ya vitani, tusije tukaanza upya."

Watu wakasema, "Kweli, anastahili."

Akasimama Bibi Mwamvua wa Bondeni. "Nililinda ngozi," akasema. "Njaa ilipotubana, watu walichemsha hata mikanda wakala. Niliilalia ngozi hii kama mkeka. Mama yangu aliniomba kipande, nikamnyima, akafa. Nipeni mkwiro. Neno langu ni Kurudi: kila aliyefukuzwa arudi shambani kwake, hata kama shamba linalimwa na askari wako, Mbaruku."

Watu wakasema, "Kweli, naye anastahili."

Sikudhani akasema, na sauti yake yeye mwenyewe ilimtisha, maana haikuwahi kusikika mahali pale. "Mimi sikulinda chochote. Nilivuka ua tu. Nisingevuka, mngekuwa na gogo na matambara. Kaka zangu walikufa kwa ahadi zenu, mmoja kwa yako, Bwana Mbaruku, mmoja kwa yako, Bibi. Nipeni mkwiro. Neno langu ni Kuketi."

Watu wakageuza macho kwa wakubwa wao.

Kisha wakubwa wa Mlimani wakainuka. "Akipiga huyu, tunang'oa gogo letu." Wakubwa wa Bondeni wakainuka. "Nasi ngozi yetu." Hilo ndilo jambo la kwanza walilokubaliana tangu vita viishe, na aibu yake nawaachia wenyewe.

Mbaruku akamtazama Sikudhani, akauchukua mkwiro, akaulaza chini kati yao. "Dada, kukunyima siwezi, na kukupa siwezi. Vikirudi vita, mwanangu alikufa bure."

Bibi Mwamvua akamshika mkono. "Mwanangu, umestahili, nani asiyeona? Lakini nchi kwanza. Subiri itakapowambwa tena."

"Itawambwa lini, Bibi?"

Bibi Mwamvua akainamisha kichwa. Hakuwa mwongo. "Vita visingeivunja, ingekuwapo mpaka leo. Mimi nilizaliwa nikaikuta imewambwa. Na mama yangu alizaliwa akaikuta."

Sikudhani aligeuka. Wenzake walikuwa wameushika ua kwa vidole, wanamtazama, na hakuna aliyemwambia piga wala usipige. Akainama akauokota mkwiro. Ulikuwa mzito. Wakubwa wakashika vigingi, tayari kung'oa. Jua lilikuwa limegusa milima, na ngoma ilinguruma bado, taratibu, inangoja mtu.

Mimi nakomea hapo, maana waliokuwapo wanabishana mpaka leo. Haya, semeni ninyi mlioketi: pigo lile lilikuwa haki ya nani?