Atakayesimama Mbele ya Kwaya

Sogeeni karibu, na mwenye kikohozi akohoe sasa hivi, maana hadithi yenyewe ni ya kwaya.

Palikuwa na shule ya kutwa katika milima ya Upare, na kwaya yake iliongozwa na msichana wa kidato cha nne aitwaye Naelijwa. Aliipenda kwaya ile kama mtu anavyompenda mdogo wake msumbufu: aliigombeza kutwa nzima, lakini mtu wa nje akiisema vibaya, hapakaliki. Sasa alikuwa anamaliza shule, na desturi yao ilikuwa kwamba anayeondoka ndiye humtaja atakayeshika nafasi yake. Tena mmoja tu. Waliwahi kujaribu viongozi wawili, kwaya ikagawanyika, na siku ya mahafali kila upande ukaimba wimbo wake.

Macho ya Naelijwa yalikuwa kwa watatu, wote wa kidato cha tatu.

Mbazi alikuwa na sikio. Sauti ikipanda au kushuka kidogo tu, yeye ndiye wa kwanza kujua. Ila hakuwa na maneno. Ukikosea, alikutazama tu mpaka uone aibu.

Kiangi alikuwa na ulimi. Hakuna kilichomtisha wala kumkwamisha; alitunga ubeti huku akifunga kamba za viatu. Ila mdomo huohuo haukuwa na breki.

Navoneiwa alijua watu. Alijua nani mama yake anaumwa, nani amekuja shule bila kula. Ila kuimba, maskini! Sauti yake ilikwaruza kama mlango usiotiwa mafuta. Alisimama mwisho wa mstari, na mara nyingi aliimba kwa midomo tu.

Mashindano ya wilaya yalipokaribia, Kiangi akawafanyia mzaha wavulana wa sauti ya nne.

"Nyie mnaunguruma kama ng'ombe wanaodai chumvi!"

Kwaya nzima ikacheka. Wao hawakucheka. Kesho yake, saa ya mazoezi, wote walikuwa kwenye uwanja wa mpira, na Kiangi alipowafuata kuwaomba radhi, wakampa kisogo.

Navoneiwa hakuwaomba. Kila siku baada ya mazoezi alipanda mlima kwenda nyumbani kwa mmoja wao. Aliyemkuta anakata majani ya ng'ombe, alishika mundu wakakata pamoja. Aliyemkuta anachota maji, alijitwika ndoo. Walizungumza mambo yote duniani isipokuwa kwaya. Wakati wa kuagana ndipo aliposema, "Kesho saa tisa tupo darasani kwetu. Nafasi yako bado iko wazi." Wakarudi, mmoja baada ya mwingine, mpaka mstari wa nyuma ukajaa.

Siku ya mashindano ikafika. Ukumbi ulifurika. Mwalimu Mshana, mwalimu wao wa muziki, akabonyeza kinanda ili awape sauti ya kuanzia. Kimya. Umeme ulikuwa umekatika.

"Imbeni au mshuke," mwamuzi akasema.

Wimbo wao ulikuwa mgumu. Wangeanza juu mno, sauti ya kwanza ingepasuka. Chini mno, sauti ya nne ingezama. Naelijwa akamgeukia Mbazi. Mbazi akafumba macho, akaguna mguno mmoja mwembamba.

"Hapo," akanong'ona.

Wakaingia wote hapohapo, kama mtu anayekaa gizani na kukuta kiti kipo.

Wimbo ulimhusu mtoto anayerudi kwao mlimani, na ubeti wa tatu ulikuwa wa Niwaeli, msichana mdogo wa kidato cha kwanza, aimbe peke yake. Niwaeli akasogea mbele, akafungua kinywa, na maneno yakamkimbia.

Kutoka nyuma sauti ya Kiangi ikapanda, ikiimba maneno ambayo hakuna aliyewahi kuyasikia: "Mdogo wangu, mbona wasimama, njia ya nyumbani umeisahau?"

Niwaeli akageuka. Akamwona. Akamjibu kwa kuimba, "Naikumbuka, kaka, nishike mkono," na ubeti wote ukamrudia. Watu walishangilia wakidhani ndivyo wimbo ulivyotungwa.

Wakashika nafasi ya kwanza.

Basi ikabaki kazi ya kutaja jina, na kila mtu alikuwa na lake la kumwambia Naelijwa.

"Dada, sisi tulirudi kwa ajili ya Navoneiwa," akasema mmoja wa sauti ya nne. "Bila yeye mngepanda jukwaani na nusu kwaya."

"Kubembeleza watu si muziki," akasema Mwalimu Mshana. "Kinanda kilipozima, wewe mwenyewe ulimgeukia nani?"

Niwaeli alisubiri wengine waondoke. "Dada, bila kaka Kiangi, mimi nisingeimba tena maisha yangu yote."

"Si ndiye aliyewafukuza wenzetu?"

"Ndiye. Lakini mimi hakuniacha."

Naelijwa akakosa raha. Akimtaja Mbazi, watu wakinuna nani atawafuata? Akimtaja Kiangi, je, kama mzaha mwingine utamtoka? Na Navoneiwa, atauongozaje wimbo asioweza kuuimba?

Siku ya kuagana kwaya yote ilisimama darasani. Navoneiwa akamsogelea, akamshika mkono. "Mtaje unayemtaka, Dada. Hakuna atakayenuna, nitahakikisha."

Mbazi akasema, "Yeyote, Dada. Mimi nitaimba." Kwake hiyo ilikuwa hotuba.

Kiangi, kwa mara ya kwanza tangu wamfahamu, hakusema kitu. Alikuwa anatazama viatu vyake.

Naelijwa akawatazama wote watatu, akaona atakavyowakumbuka. Kisha akasimama mbele ya kwaya yake kwa mara ya mwisho, akavuta pumzi.

Je, ungekuwa wewe, ungelitaja jina la nani? Na wale wawili waliobaki, ungewaambia nini?