Kiganja cha Nane

Hapo zamani, sikilizeni mlio karibu nami na mlio kule mlangoni, palikuwa na mji wa milimani ulioitwa Mfumbwe. Mji huo uliishi kwa mfereji mmoja, uliochongwa kwenye mwamba tangu chemchemi ya juu. Kila kaya ilikuwa na zamu yake ya maji. Mwenye zamu ndiye raia. Asiye na zamu ni mgeni, hata akae miaka ishirini.

Mwaka mmoja wa ukame, kaya moja iliisha bila mrithi, ikabaki zamu moja. Wageni watatu wakaiomba. Baraza likatangaza: atakayeshinda maswali ya mji atabaki, wawili watashuka bondeni. Na bondeni mwaka ule palikuwa vumbi tupu.

Wa kwanza aliitwa Sekiete, fundi viatu. Kwa miaka saba alijifunza mambo ya Mfumbwe: sheria, vita, mwaka wa nzige. Hata wenyeji wakisahau jambo, walimwuliza yeye.

Wa pili aliitwa Nakunda, mjane mfinyanzi. Lugha ya mji ilikuwa bado inamkwama mdomoni. Sekiete alimfundisha kila alasiri, na huku anajua wanashindania kitu kimoja. Lakini siku za kusafisha mfereji, Nakunda alitangulia kupanda, bila kuitwa na mtu.

Wa tatu aliitwa Mbazi. Alikuwa na mwezi mmoja tu mjini, na sheria hakujua hata moja.

Siku ikafika. Muulizaji alikuwa Bi Nampombe, mwanamke asiyecheka ovyo. Akauliza nani ana haki ya kusema barazani, Sekiete akajibu. Akauliza mfereji ukibomoka nani anatoka, Sekiete akajibu. Nakunda akajibu nusu. Mbazi akatikisa kichwa.

Ndipo likaja swali la mwisho: "Nani waliochonga mfereji wetu?"

Sekiete akataja majina saba. Nakunda akataja yaleyale saba, akiyavunjavunja, watu wakacheka.

Mbazi akasema, "Walikuwa wanane."

Baraza likachafuka. Kila mtoto wa Mfumbwe alijua ni saba!

"Wa nane ni Mangile," Mbazi akasema, "mama yake bibi yangu. Kazi ilipokwisha wakamwambia, kwa desturi ya siku zile, mwanamke hapewi zamu, wakamfukuza. Jina lake mkalifuta. Kwetu halikufutika."

"Una ushahidi gani, mwanangu?" Bi Nampombe akauliza.

"Sina, mama. Nina jina tu."

Sekiete angeweza kukaa kimya. Akainuka. "Bi Nampombe, sheria ya kwanza ya mji inasema wachongaji wakigawanyika sawa kwa sawa katika shauri, jambo lilale hadi kesho. Watu saba watagawanyikaje sawa kwa sawa? Miaka saba nimejiuliza."

Nakunda naye akainua mkono wake wenye sugu. "Juu kule, mikono ya wachongaji kwenye jiwe. Saba nje, mnaiona. Mmoja chini, ndani ya maji. Mimi nausugua kila mwaka."

Mji mzima ukapanda mlimani. Wakaziba maji kwa udongo pale chemchemi inapotokea. Maji yakapungua, yakapungua, na jiwe likajitokeza jeusi, linang'aa. Kikaonekana kiganja kilichochongwa, kidogo, vidole vimetanuliwa. Wazee wakavua viatu. Bi Nampombe akapiga magoti topeni, akaweka mkono wake ndani ya kile kiganja, ukaenea sawasawa.

"Miaka thelathini nimeuliza swali hili," akasema. "Kumbe mwenyewe sikujua jibu lake."

Wakalitaja jina la Mangile mara nane, kisha wakayafungulia maji. Lakini zamu ilibaki ile moja. Wala msiniambie waigawane: maji ya mwaka ule yakikatwa katikati, hayafiki shamba la yeyote.

Mbazi akasema, "Bila mimi, kile kiganja kingebaki alama isiyo na mwenyewe. Na swali kubwa nimelijibu mimi."

Sekiete akasema, "Maswali mengine yote niliyajibu mimi. Na nilisema kweli iliyompa nguvu mshindani wangu."

Nakunda akatafuta maneno. "Mimi jibu langu limekosea. Lakini maji mnayokunywa yanapita mikononi mwangu. Na bila mimi, asingejua mtu pa kutazama."

Bi Nampombe akawatazama watatu wale, akageuka kwa watu wake, akakuta kila mmoja anatazama chini.

Haya, ninyi mlionisikiliza, semeni: mmoja alizijua sheria, mmoja alilitunza jina, mmoja aliusafisha mfereji. Je, kati yao, nani alistahili kuwa raia wa Mfumbwe?