Mgeni wa Sinia la Bi Mize

Paukwa!

Pakawa!

Sinia la watu?

La wengi!

Na la mtu mmoja?

La Bi Mize!

Basi, hapo kale palikuwa na mwanamke wa dua, jina lake Bi Mize. Akimwekea mgonjwa kiganja na kumwomba Mungu, jeraha hujifunga. Na mtu akifa, ni yeye aliyemwosha. Watu walimwita usiku na mchana, lakini kula naye, thubutu! Walisema mikono iliyoshika maiti haiingii sinia moja na yao. Ujinga mtupu, ila ndivyo walivyokuwa.

Siku moja likatokea zimwi. Aliyekula na wenzake, halikumgusa. Aliyekula peke yake, lilimla.

Bi Mize aliposikia, alijua zamu yake inakuja. Jioni akaweka sinia barazani, akaita: "Karibuni chakula!"

Akapita Shomari, aliyeponywa mguu. "Ahsante, Bi Mize, nimeshiba." Na tumbo lake linanguruma!

Akaita tena: "Karibuni chakula!"

Akapita Bi Riziki, aliyeponyewa mtoto. "Tumeshakula, mama. Kesho, inshallah."

Akaita mara ya tatu, sauti imemkauka: "Karibuni chakula!"

Likaja zimwi.

"Unakula na nani?" likanguruma.

Bi Mize akatazama njiani. Hapana mtu. Akasogeza kata ya maji. "Nakula na wewe. Nawa, ukae."

Zimwi likaduwaa. Tangu kuzaliwa kwake hakuna aliyelikaribisha. Likanawa, likala wali na mchuzi wa kunde, likalamba vidole.

"Nimekula chakula chako," likasema. "Wewe sikuli tena."

"Na wengine usiwale. Njaa ikikushika, njoo hapa."

Likaja kesho yake, likaja keshokutwa, likaja kila jioni. Mjini hakuliwa mtu tena, na Bi Mize akapata wa kumwuliza, "Chumvi imekolea?"

Siku moja wanaume wakalivizia zimwi njiani. Likapigana, likawajeruhi, lakini wakalichoma mikuki hadi likafa. Lilikuwa limebeba ndizi mbivu za kumpelekea mwenyeji wake.

Basi wakakimbilia kwa Bi Mize. "Tumeua zimwi! Tuombee!"

Akawaombea wote, wakapona. Kisha akaenda kuliosha zimwi kwa mikono ile ile, akalia kama aliyefiwa na nduguye.

Jioni akaweka sinia. "Karibuni chakula!"

"Ahsante, Bi Mize, tumeshiba," wakasema, wakaenda zao.

Akala peke yake. Zimwi la kumla halikuwapo. Na la kula naye halikuwapo.

Hadithi yangu inakomea hapo. Funzo lake ni hili: anayekuponya, usimwache ale peke yake.

Haya, msinawe kwanza! Bi Mwanaate, muosha maiti wetu, yuko kwake na kisahani chake. Nendeni mkamwite. Akisema ameshiba, mwiteni tena.