Nani Alimwoza Mwali wa Kamuhabwa?

Sogeeni karibu, na yule anayependa kuhukumu upesi akae nyuma kabisa. Hadithi hii haina zimwi wala sungura. Ina gari moja, na watu watatu wenye vipawa vitatu, vidogo kiasi kwamba mtu akivitaja mbele za watu huchekwa.

Mjini Bukoba palikuwa na yadi ya magari ya mzee aitwaye kwa heshima Ta Kamuhabwa, yaani Baba Kamuhabwa. Mzee huyo alifanya kazi na binti yake Kemilembe, na mwanawe Mutalemwa, na mkamwana wake Asimwe, mke wa huyo Mutalemwa.

Kemilembe alikuwa na jicho. Akiingia sebuleni mwa mtu, kabla hajaketi alishaiona picha iliyopinda ukutani, na mkono ungemwasha mpaka ainyoshe.

Mutalemwa alikuwa na sikio. Aliweza kulala fofofo redio ikipiga kelele kando ya kitanda, lakini msumari mmoja ukilegea kwenye bati la jirani, yeye yu macho.

Asimwe hakuwa na jicho la wifi yake wala sikio la mumewe. Kipawa chake watu walichelewa kukipa jina. Mgeni akija, Asimwe alijua bila kuambiwa kwamba kiti kinamuumiza mgongo, au kwamba anatafuta pa kuweka mkoba na anaona haya kuuliza.

Juu ya lango la yadi paliandikwa KAMUHABWA NA, kisha pakaachwa peupe. Siku lango lilipojengwa mchora mabango aliuliza kwa heshima ya Kihaya, "Na nani, waitu?" Mzee akamjibu, "Acha nafasi. Mwenyewe atajitokeza." Tangu hapo Kemilembe ndiye aliyelipaka bango rangi kila mwaka, akiizungushia brashi ile nafasi kwa uangalifu, kama mtu anayefagia karibu na mtoto aliyelala. Hakumwambia mtu, lakini alikuwa ameshalipima jina lake pale kwa macho, herufi kwa herufi. Lilienea.

Sasa, Ta Kamuhabwa alikuwa fundi, fundi wa kweli. Kwake injini ndiyo gari. Mengine yote ni nguo. Mteja akiingia langoni, salamu hazijaisha, mzee ameshafungua boneti. "Sikiliza," humwambia, "sikiliza inavyopumua." Mteja akasikiliza, akaitikia kwa adabu, akavuka barabara, akanunua gari katika yadi ya Kaijage, ambako magari yaling'aa kama sufuria za bibi harusi.

Hivyo ndivyo lilivyobaki gari moja refu jeupe, la kubeba familia na mizigo yake. Mzee alikuwa ameifumua injini ya gari hilo na kuiunda upya kwa mikono yake mwenyewe, na hapakuwa na injini ya kuishinda mji mzima. Lakini gari lilikaa. Mvua zikaja zikaondoka, nalo limekaa. Kaijage, mtu asiyeweza kuzuia ulimi, alikuwa akisimama ng'ambo, akilinyoshea gari hilo kidole na kupaza sauti:

"Ta Kamuhabwa, waitu! Huyo mwali wako hajaposwa tu?"

"Anachagua!" mzee hujibu, na Kemilembe huinamisha uso kwa aibu.

Siku moja ikavuma habari kwamba umoja wa akina mama wakulima wa vanila unatafuta gari, na mwenyekiti wao, Ma Kokushubira, atashuka mjini siku ya soko kuchagua. Mama huyo hakuwa mtu wa kurubuniwa kwa maneno. Ilijulikana pia kwamba atakakonunua yeye, vyama vingine vya akina mama vitamfuata.

Ta Kamuhabwa akawaita watu wake.

"Miguu yangu imechoka," alisema. "Atakayemwoza mwali huyu kwa Ma Kokushubira, jina lake litapanda langoni, na yadi ataiongoza yeye. Jina moja. Kila mmoja afanye alijualo, asiguse kazi ya mwenzake."

"Hata Asimwe?" Mutalemwa aliuliza huku akicheka.

"Anakula hapa, anatoka jasho hapa, na jina analo. Hata Asimwe."

Kemilembe hakucheka. Usiku huo hakupata usingizi wa maana.

Asubuhi alisimama mbele ya lile gari kama mtu anayemtazama mgonjwa. Gari lina uso, na uso wa hili ulikuwa wa mtu aliyefiwa. Taa za mbele zilikuwa zimeingia umanjano. Ubavuni mwenye gari wa zamani alikuwa amebandika miale ya moto, moto mwekundu kwenye gari la kubebea bibi na wajukuu! Kemilembe akachukua dawa ya meno na kitambaa, akazisugua taa mpaka zikawa macho ya mtoto aliyetoka kuoga. Akaibandua miale kwa maji ya moto na ukucha. Kisha akachora mstari mmoja mwembamba, wa rangi ya kahawa iliyoiva mtini, kutoka kwenye taa ya mbele mpaka ya nyuma. Gari lilikuwa limesimama palepale, lakini sasa lilionekana linataka kwenda.

Mutalemwa hakulitazama gari hata kidogo. Alifungua mlango, akaufunga. Kraa! Akaufungua tena, akaufunga, amefumba macho. Kraa! Mlango ulilia kama debe lililopigwa teke.

"Mutalemwa," dada yake alimwuliza, "huo mlango umekukosea nini?"

"Unasema uongo, dada. Unasema gari ni bovu."

Akang'oa raba zote zilizokakamaa akatia mpya, akapaka bawaba grisi, akavua ngozi za ndani za milango na kubandika mablanketi yaliyokatwa vipande. Alipomaliza, mlango ulijifunga kwa sauti moja nzito na ya upole: dup. Kama kifuniko cha sanduku la mwenye nazo. Akaufunga tena na tena, bila sababu, kwa raha tu.

Asimwe yeye alivaa gomesi, gauni lake refu la kanisani, akabeba mkoba na kikapu, akaanza kupanda na kushuka garini. Majirani walidhani amegombana na mumewe anataka kurudi kwao. Yeye alikuwa akijifunza. Gari lilikuwa la juu, na mwenye gomesi alilazimika kuinua pindo mbele ya watu ili apande. Basi akamwagiza seremala kibao kipana cha kukanyagia, akakivika raba isiteleze, kikafungwa chini ya milango. Akaweka ndoano ya mkoba. Na kati ya viti viwili vya mbele, palipokuwa na shimo lisilo na kazi, akapachika kikapu kidogo chenye kifuniko, kile cha kumkaribishia mgeni, akakijaza kahawa ya kutafuna.

"Wifi," Kemilembe alimwambia, "unauza gari au unafungua mgahawa?"

"Naandaa pa kumpokelea mgeni, wifi. Atakayepanda humu si mgeni?"

Siku ya soko ikafika. Ma Kokushubira alishuka na wenzake wawili, mrefu, mwavuli mkononi, gomesi ya rangi ya bahari. Na alikwenda wapi? Kwa Kaijage. Kemilembe alisimama langoni, chini ya ile nafasi nyeupe.

Kaijage alimfungulia gari jipya jeusi, akaubamiza mlango, akaliwasha. Sauti ya mwanamke ikatoka kwenye dashibodi, ikinena Kijapani.

"Linasema nini?" aliuliza Ma Kokushubira.

"Linakukaribisha, waitu."

"Unajua Kijapani?"

"Hapana, mama."

"Sasa umejuaje kwamba halinitukani?"

Wenzake wakaangua kicheko. Naye, katika kugeuka kucheka nao, macho yake yakavuka barabara. Akauelekeza mwavuli. "Lile jeupe, lenye mstari. Linanitazama."

Akavuka. Kemilembe alihisi jina lake limekwisha kuandikwa.

Ta Kamuhabwa alikuwa tayari, tambara begani, mkono kwenye boneti. "Karibu, waitu! Njoo usikilize inavyo—"

"Baadaye, Ta." Mama alikuwa ameshashika mlango. Aliufungua, akaufunga. Dup. Akawageukia wenzake. "Mmesikia? Wa kule umelia kama bati." Mmoja wao akaufunga naye. Mwingine naye. Walikuwa wamekuja wakiwa na shaka kwamba gari la zamani ni gari lililochoka, na shaka hiyo iliwaishia pale mlangoni. Mutalemwa aliangalia juu kama mtu anayehesabu ndege, lakini meno yote yalikuwa nje.

Kisha Ma Kokushubira akarudi nyuma hatua chache, akalitazama gari lote, akasema neno ambalo kila muuzaji analiogopa: "Zuri. Nitakwenda kulifikiria."

Akageuka. Kaijage, ng'ambo, akaanza kutabasamu.

"Basi pumzisha miguu kidogo kwanza, mama," Asimwe alisema taratibu. "Jua kali."

Mama akasita. Akakanyaga kibao, akapanda bila kuinua pindo hata kidogo, akatundika mkoba kwenye ndoano kama mtu aliye nyumbani kwake. Mkono wake ukashuka kupumzika, ukakutana na kikapu. Akafunua. Akatazama ndani.

"Nani ameweka kahawa humu?"

Akatwaa punje, akatia kinywani, akawapa na wenzake. Na sisi tunajua: mgeni aliyekwisha kutafuna kahawa ya mtu haondoki bila kusema neno lililomleta. Akatafuna polepole, akiliangalia soko kupitia kioo.

"Magari yote niliyoyapanda," alisema hatimaye, "nilikuwa mzigo. Humu nimekaribishwa. Nalichukua."

Vigelegele vilivyopigwa vilisikika mpaka sokoni! Wakalijaribu hapohapo, likaupanda mlima wa Ihungo likiimba, wakashuka wakipiga honi, wakapita mbele ya yadi ya Kaijage si mara moja, akina mama wamejaa madirishani wakipunga vitambaa. Kabla ya jua kuzama, vyama viwili vingine vilikuwa vimetuma watu kuulizia magari "kama lile". Kaijage mwenyewe akavuka barabara, akachutama kukipima kile kibao kwa shubiri.

"Ta," alisema, "mwali ameolewa kwa fahari."

Mzee alikuwa bado ameshika tambara. "Hakufungua boneti," alinong'ona. "Kaijage, hakuifungua hata!"

"Injini yako nani asiyeijua?" Ma Kokushubira alimwambia. "Kila mtu hapa anajua kwamba kwako inapumua. Tatizo ni kwamba sisi tulikuwa hatupati pa kupumulia."

Mzee akacheka mpaka machozi. Akaagiza mchora mabango aitwe saa ileile. Ngazi ikasimamishwa, rangi ikakorogwa, watu wakajaa barabarani.

"Niandike nani, waitu?"

"Mimi," alisema Kemilembe. "Bila uso ule asingevuka barabara. Mlango asioufikia haufungui, na kiti asichokiona hakikalii."

"Alivuka kuja kutazama, dada," alisema Mutalemwa. "Watu hutazama mengi. Aliamini gari ni zima aliposikia mlango. Bila hivyo angekuwa amelisifia rangi akaenda zake."

Asimwe alikunja pindo la kitenge chake. "Alikwisha kuliona, na alikwisha kulisikia, na bado alikuwa anaondoka," alisema. "Nani alimkalisha?"

Kilichomuuma Kemilembe ni kwamba wote watatu walikuwa wakisema kweli.

"Andika NA WATOTO," mtu mmoja alipendekeza.

"Yadi ya wote haina wa kuamka asubuhi kufungua lango," mzee alikataa. "Nilisema jina moja." Akamgeukia Ma Kokushubira. "Mama, wewe ndiwe uliyenunua. Kipi kilikushawishi?"

"Niondolee kimoja kati ya hivyo vitatu, chochote," mama alisema huku akijipangusa vidole, "ningekuwa mteja wa Kaijage. Zaidi ya hapo usiniulize. Nimenunua gari, sikununua kesi."

Ta Kamuhabwa akamtazama binti aliyelipaka bango rangi miaka yote. Akamtazama mwana. Akamtazama mke wa mwana. Kisha akawatazama watu waliojaa barabarani, kama anayeomba msaada, na barabara nzima ikapasuka kwa mabishano.

Mchora mabango bado yuko juu ya ngazi, rafiki zangu, na brashi imekwisha kuchovywa. Haya, wewe uliyenyamaza muda wote huu: mpe jina moja aandike. Na ukishalitaja, tuambie wale wawili waliobaki utawatazamaje usoni.