Sifuna na Kisu cha Kuchunia

Kisa hiki nilisimuliwa na Lornah Nakhumicha mwaka wa 1974, tukichambua kunde sokoni Dagoretti. Wahenga walisema mti hauendi ila kwa nyenzo. Gogo ukilitukana, hata ukilichapa, litalala palepale. Lipe nyenzo, litajongea.

Sifuna, mumewe Lornah, alikuwa mchunaji machinjioni. Kila asubuhi alikunywa chang'aa kwanza, la sivyo mikono ilitetemeka na kisu kikatoboa ngozi. Ngozi yenye tundu ni nani atainunua? Alikuwa amefungwa mara mbili kwa ulevi huo, na mara mbili alitoka na kiu ileile. Mara ya tatu hakimu alichoka.

"Mwaka mmoja jela," alisema, "au miezi sita ya matibabu, mradi apatikane mtu wa kumwangalia kazini. Akionja tone moja, ni jela."

Wahome, msimamizi wa machinjio, alisimama. "Nitamwangalia mimi, mheshimiwa. Lakini kisu hatashika. Ataosha matumbo."

Kuosha matumbo ni kazi ya wanawake. Sifuna alipotoka hospitalini, amekonda kama ufito, wenzake walimngoja.

"Karibu, Mama Sifuna," mmoja wao alimtania. "Kanga umeleta?"

"Nimeiacha kwa mkeo," akajibu, akainamia karai.

Kila Alhamisi alikwenda kliniki kunywa dawa mbele ya muuguzi. Mwezi wa tatu Odhiambo, mchunaji mwenzake, alimwonea huruma, akamletea chupa ndani ya ndoo.

"Funda moja tu, ndugu yangu. Mkono utulie, urudi kwa wanaume."

Sifuna aliitupia chupa jicho, akaendelea kusugua. Mikono hakuitoa majini.

"Wacha itetemeke," akasema. "Matumbo hayajali."

Kisha akamwendea Wahome. "Mzee, leo nisogeze karibu nawe. Peke yangu nitaanguka."

Wahome hakumhoji. Alivuta karai lile mpaka mlangoni pa ofisi yake, na hapo likakaa hadi mwezi wa sita, alipomkabidhi kisu. Sifuna alichuna fahali mzima, na ngozi ikatoka bila tundu. Wiki iliyofuata hakimu alifunga jalada la kesi yake.

Jioni hiyo Sifuna alikula ugali kwa matumbo, akasinzia kitini.

"Baba Nashon, panda kitandani," Lornah alimwambia.

"Nimefika," akanung'unika, akalala papo hapo.

Lornah alimfunika blanketi, akazima taa, naye usingizi ukamchukua. Jela mara mbili haikumsogeza hata shibiri. Kweli, mti hauendi ila kwa nyenzo.