Chai Iliyonuka Dagaa

Mficha uchi hazai. Wahenga waliposema hivyo walimaanisha kwamba mwenye shida akiifunika, hata aliye tayari kumsaidia hataona pa kushika. Ni methali rahisi kuwasomea wenzako ukiwa mzima wa afya. Mbuke naye aliwasomea wengi, mpaka zamu yake ilipofika akaisahau kabisa.

Mbuke alikuwa mkazi wa Ngokolo, mjini Shinyanga, na kazi yake ilikuwa kuonja chai katika duka la Mzee Ishwarlal. Mzee huyo alinunua majani ya mikoa mbalimbali, akayachanganya na kuyauza. Shehena mpya ilipofika, mkewe Taramati, Mama Pritesh, alichemsha chai ya rangi isiyo na sukari, akaimimina katika bakuli nyeupe. Mbuke alivuta funda, fyuuu, akalizungusha mdomoni, akalitema kwenye beseni, kisha akasema. Na alijua kusema, jamani! Chai ya Rungwe ilikuwa laini, inateleza, mwishoni inaacha utamu wa michembe, vile viazi vitamu vilivyoanikwa juani. Ya Mufindi ilichangamka na kuuma ncha ya ulimi kama ukwaju. Ya Bukoba aliiita chai nzito, yenye harufu ya vumbi lililopigwa na mvua ya kwanza. Wateja walinunua huku wakimeza mate.

Kisha mafua makali yakamlaza. Alipoinuka, pua yake ilikuwa imekufa ganzi. Chai zote zilikuwa maji ya moto tu. Hata mboga ikiungua jikoni, aliijua kwa kuona moshi. Mbuke aliogopa sana. Alikuwa mjane, na ulimi wake ndio uliomlea Loveness, bintiye wa pekee. Nani angemweka mwonja chai asiyeonja? Basi akajikaza kisabuni. Aliitazama rangi ya chai, akasoma kwenye gunia jina la mahali ilikotoka, akayarudia maneno yake ya zamani.

"Mama Loveness," Taramati alimwuliza siku moja, "mbona siku hizi huna neno jipya? U mzima kweli?"

"Mzima kabisa, Mama Pritesh. Ni uchovu tu."

Wakati huo Loveness alikuwa anafungua mgahawa Masumbwe, karibu na machimbo ya dhahabu. Akiba yake yote aliizamisha humo. "Mama, nichanganyie chai kwa mkono wako," aliomba kwenye simu. "Wachimbaji wakiipenda siku ya kwanza, wamekuwa wangu. Wasipoipenda, jirani naye ana birika."

Mbuke alichanganya kwa upendo wote. Akaleta kutoka nyumbani kiroba alichokifua na kukianika, cheupe pe pe pe. Kwa macho kilikuwa safi. Lakini kiroba hicho kilikuwa cha dagaa, na majani ya chai hufyonza harufu kama pamba inavyofyonza maji. Mwenye pua angekitupa mbali. Yeye alikijaza, akakishona, akakituma kwa basi.

Siku ya ufunguzi simu iliita asubuhi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wamefurahi?"

"Mama, chai hii uliionja?"

"Niliionja."

"Ina ladha gani?"

"Laini. Inateleza, mwishoni inaacha utamu wa michembe."

"Inanuka dagaa, mama. Watu wametema. Kuna aliyeniuliza kama nimeichemshia kwenye chungu cha mboga. Kama hukutaka nije huku Masumbwe, si ungeniambia tu?"

Mayu wane, mama yangu! Neno hilo lilimchoma Mbuke kuliko ugonjwa wenyewe. Kuonekana mzembe angevumilia. Lakini mwanawe adhani amemhujumu? Hapo kufuli ya kinywa ikavunjika.

"Loveness, mama yako hasikii harufu. Tangu yale mafua, sisikii harufu wala ladha. Nimekuwa nikidanganya."

Kilio kilisikika upande wa pili. "Na ulikuwa unanyamaza peke yako! Nenda kawaambie wa dukani, mama. Nenda leo."

Alikwenda. Alisimama mbele ya kaunta akaeleza yote bila kupunguza, kisha akavua aproni yake na kuilaza pale. Mzee Ishwarlal alivua miwani.

"Macho yangu yalipofifia, nilikuficha?" aliuliza. "Si wewe unayenisomea mizani kila siku? Vaa aproni yako, Mama Loveness."

Taramati alikuwa anafuta machozi huku anafoka. "Dada yangu alipatwa na hilohilo! Alikuwa ananusa karafuu, iliki na tangawizi kila asubuhi mpaka pua ikaamka. Ungesema mapema, tungeanza zamani. Haya, leo mimi ndiyo pua yako."

Wakaketi mbele ya bakuli. Taramati alinusa na kuonja, Mbuke akamwuliza. "Inauma wapi? Inakaa au inapita?" Mmoja alitoa ladha, mwingine akatoa maneno na vipimo. Chai mpya ikaenda Masumbwe katika mfuko mpya. Loveness akaigawa bure asubuhi nzima, akiwasimulia wachimbaji kisa cha mama yake bila kificho. Walicheka, wakaonja kwa tahadhari, wakaomba kikombe cha pili. Kesho yake walirudi, wakamwita Mama Dagaa, naye akalipokea jina.

Mbuke aliendelea kunusa karafuu zake, siku nenda siku rudi, bila kusikia kitu. Asubuhi moja, akifagia stoo ya duka, alikiona kile kiroba ambacho Loveness alikuwa amekirudisha. Alikiokota ili akakichome. Akasita. Akakisogeza puani, akavuta pumzi.

"Dagaa!" alipiga kelele. "Mama Pritesh, njoo! Kinanuka dagaa!"

Taramati alikuja mbio, kandambili moja ikabaki njiani. Walikumbatiana wakilia na kucheka, kiroba kikinuka katikati yao, na Mbuke akakinusa tena na tena kana kwamba ni asumini. Kisha akampigia mwanawe simu, akamwambia kwa kwikwi kwamba kiroba kinanuka dagaa.

Shida yake ilipofichwa ilimzalia aibu, na ilipotajwa ilipata watu wa kuiuguza. Kweli waliosema hawakukosea: mficha uchi hazai.